Hofu Kabla ya Kuwekewa Betri ya Moyo: Itajwe, Isifichwe

Mada kwa wagonjwa wa moyo na ndugu zao



Mtu anapoambiwa na daktari kwamba moyo wake unapiga polepole mno na kwamba anahitaji kuwekewa betri ya moyo, neno la kwanza linalobaki masikioni mwake huwa si kupona. Hubaki na kisu, umeme na gharama. Hurudi nyumbani na barua ya rufaa, akaihifadhi kabatini, na siku ya miadi inapokaribia sababu za kuahirisha huongezeka. Mahindi hayajavunwa. Kijana mkubwa hajarudi kutoka mjini. Kizunguzungu chenyewe kimepungua wiki hii. Sababu hizo zina sura ya busara, lakini mara nyingi nyuma yake ipo hofu ambayo mwenyewe hajaitaja kwa mtu yeyote.

Kuogopa si aibu, wala si upungufu wa imani. Hatari huanza hofu inapofichwa hata ikamwamulia mgonjwa. Mtu ambaye moyo wake husimama kwa sekunde kadhaa anaweza kuzirai akiwa kisimani, mbele ya moto jikoni, au juu ya pikipiki. Wapo wanaozinduka. Wapo pia ambao kuzirai kwao huwa ndiko kwa mwisho. Kwa hiyo kila siku ya kuahirisha bila kumwambia daktari ni siku ya kubahatisha.

Hofu hupungua inapopewa maelezo. Moyo una umeme wake wa asili. Juu ya chumba cha kulia cha moyo kipo kifundo kidogo kinachotoa amri ya kupiga, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu mzima akiwa ametulia. Amri hiyo hupita katika njia maalumu hadi vyumba vya chini, navyo husukuma damu. Kwa sababu ya umri au maradhi, kifundo hicho huweza kuchoka, au njia yake ikakatika. Hapo mgonjwa huchoka upesi, hukosa pumzi, hupata kizunguzungu au huzirai. Njia iliyokatika namna hiyo haina kidonge cha kuiunganisha. Betri ya moyo huyafuatilia mapigo, na pigo likichelewa hutuma msukumo mdogo sana wa umeme ambao kwa kawaida mgonjwa hausikii. Moyo wenyewe ndio unaoendelea kusukuma damu. Betri huukumbusha tu wakati wake.

Kifaa hiki si jambo la kujaribiwa leo. Mtu wa kwanza kupandikizwa betri kamili ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa na umri wa miaka 43 na alikuwa akizirai mara nyingi kwa siku. Mke wake, Else-Marie, ndiye aliyewasihi daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist wajaribu. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa kutumia kopo la dawa ya viatu kama kalibu yake, na kilifanya kazi kwa saa chache tu. Hawakukata tamaa. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20, akaishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86 kwa ugonjwa usiohusiana na moyo. Aliishi kuliko daktari aliyempasua na mhandisi aliyemtengenezea kifaa. Betri za sasa ni ndogo kuliko ile ya kwanza, na kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 15.

Hofu ya kisu ndiyo hutajwa kwanza. Wengi hudhani kifua kitapasuliwa. Kwa wagonjwa walio wengi haiwi hivyo. Daktari huchoma sindano ya ganzi chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, hukata sehemu ndogo ya ngozi, hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni, kisha huiweka betri chini ya ngozi na kushona. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua saa moja hadi mbili. Madhara yapo, kama kuvuja damu, kuambukizwa kidonda, hewa kuingia kando ya pafu au waya kuhama mahali pake, lakini si ya mara kwa mara, na daktari anapaswa kuyaeleza kabla mgonjwa hajatia saini ya ridhaa.

Hofu ya pili ni ya umeme. Redio, televisheni, pasi na taa za nyumbani hazina tatizo. Simu ya mkononi hutumika, ila isiwekwe katika mfuko wa shati ulio juu ya betri. Iwe umbali wa sentimita 15 au zaidi. Anayefanya kazi ya kuchomelea vyuma amweleze daktari mapema, kwani kazi hiyo huhitaji ushauri wa pekee.

Hofu ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: je, mtu huyu atazuiwa kufa siku yake ikifika? Hapana. Misuli ya moyo inapokufa haiitiki tena msukumo wa betri. Kifaa hiki hakimrefushii mtu mateso ya kukata roho, wala hakipingani na kudra ya Mungu. Huondoa kikwazo kimoja tu kinachotibika.

Hofu ya nne ni ya maisha ya baadaye. Kwa muda wa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, au kadiri daktari atakavyoelekeza, mgonjwa hainui mkono wa upande ule juu ya bega, hatwangi, halimi na habebi ndoo nzito. Baada ya kupona, wengi hurudia shamba, biashara na unyumba wao. Kinachobaki ni kuhudhuria kliniki ili betri ipimwe, na kutembea na kadi ya kifaa hicho kila aendako.

Hofu ya gharama ni ya kweli, na haiondoki kwa maneno ya kufariji. Mgonjwa mwenye bima aulize mapema inagharimia nini. Asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii hospitalini kabla ya siku ya miadi. Kukaa kimya kwa kuona haya hakupunguzi bei. Ni vyema pia kukumbuka kwamba zamani wagonjwa wengi wa moyo walilazimika kupelekwa nje ya nchi. Leo huduma hii hutolewa na madaktari wa hapa nchini katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kabla ya siku hiyo, mgonjwa aandike maswali yake yote, hata yale anayoona ni ya kitoto. Kama hajui kuandika, mjukuu amwandikie. Aende na ndugu mmoja mtulivu, kwa kuwa masikio ya mwenye hofu husahau nusu ya anayoambiwa. Amweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba na zile za kuzuia damu kuganda, wala asiache yoyote kwa uamuzi wake. Asali kwa imani yake. Akikosa usingizi siku nyingi au akili ikikosa utulivu kabisa, hilo nalo ni la kumwambia mtoa huduma.

Jamaa nao wana wajibu. Mgonjwa hasaidiwi kwa kuambiwa, "Usiogope." Husaidiwa kwa kuulizwa, "Unaogopa nini?" na kusikilizwa hadi mwisho. Anayemletea habari za fulani aliyekwenda asirudi, naye hakuyaona mwenyewe, humwongezea mzigo.

Baada ya kurudi nyumbani, kidonda kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au homa ikipanda, mgonjwa afike kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo. Afanye vivyo hivyo kizunguzungu au kuzirai kukirudi.

Mwenye barua ya rufaa kabatini aitoe leo, aisome tena tarehe yake, kisha aende kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, akaulize swali lake la kwanza.