Mtuhumiwa Naye Asikilizwe
(Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka C)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo yatuweka katika ua wa Hekalu, mbele ya mwanamke aliyeletwa na watu walio tayari kumpiga mawe. Kesho Jumatatu, katika somo la kwanza, Mama Kanisa atatusomea habari ya mwanamke mwingine, Susana mke wa Yoakimu, katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wote wawili walishtakiwa hadharani, na kila mmoja alikaribia kuuawa kabla hajaulizwa neno. Lakini Susana hakuwa na kosa, na yule wa Injili, kadiri tunavyosoma, alikuwa nalo. Twawataja wote wawili kwa makusudi, maana leo tunataka kutafakari haki za mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai, habari ambayo katika jumuiya zetu huzungumzwa kidogo, tena kwa hasira.

Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimtamani Susana. Alipowakatalia, walimsingizia kwamba wamemkuta bustanini na kijana. Ushahidi wao ukapokelewa palepale, kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Hakuna aliyeuliza yule kijana yuko wapi. Nasi tusomapo habari hii huisifu hekima ya Danieli, tukasahau kwamba mkutano mzima, watu wenye kumcha Mungu, ulikuwa umekwisha kukubali mama huyu afe. Na Danieli alifanya nini? Hakutenda mwujiza. Aliwatenga mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani? Wa kwanza akataja mti mmoja, wa pili akataja mwingine. Uongo ukawa wazi. Kazi hiyohiyo ndiyo aifanyayo wakili siku hizi, anaposimama kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka. Na wengi wetu tukimwona, twasema anapindisha haki.

Katika nchi yetu ya Tanzania, haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya mwaka 1977 kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia yenyewe haijathibitishwa. Inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, na inakataza mtu yeyote kuteswa. Hapa tukae kidogo. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakutenda kosa. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alitenda, pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Serikali ina polisi, ina wapelelezi, ina waendesha mashtaka. Mtu aliyeko mahabusu ana nini? Aghalabu hana hata nauli ya kumtuma mtu kijijini kuwaita mashahidi wake.

Kadhalika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka mipaka tangu kituo cha polisi. Anayekamatwa aelezwe kosa analotuhumiwa. Halazimiki kujibu maswali, ila kutaja jina na anwani yake. Aweza kuomba kuonana na wakili, ndugu au rafiki. Nayo Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yataka maelezo ya kukiri kosa yawe yametolewa kwa hiari. Sisi tunaoketi kitubioni twajua ungamo la kulazimishwa lina thamani gani.

Kuhusu dhamana, watu wengi hunung'unika: mbona mwizi yuko nje? Lakini mwenye dhamana hajasamehewa; anangoja hukumu akiwa kwake. Katika shauri la Daudi Pete, lililoamuliwa mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilibatilisha kifungu cha sheria kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa, kwa sababu kilikuwa kipana mno. Makosa mazito, kama vile kuua kwa kukusudia na unyang'anyi wa kutumia silaha, bado hayana dhamana, na anayeshtakiwa kwa makosa hayo aweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla kesi yake haijasikilizwa. Basi mtu huyo ndiye anayehitaji zaidi kukumbukwa.

Ndugu, tumezoea kusikia katika habari kwamba mtu fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Twasikia, kisha twageukia taarifa nyingine, kana kwamba hasira ni hakimu aliyeapishwa. Anayepigiwa kelele za mwizi sokoni haulizwi kama ndiye. Katika Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, nao wamepikia moshi wa kuni maisha yao yote! Katika makundi hayo wamo Wakristo. Wapo waliobeba mawe wakiwa na rozari shingoni. Na mama aliyeuawa mwanawe, ambaye machozi yake hatuyadharau hata kidogo, hafaidiki mtu asiye na hatia akichomwa moto. Aliyemwua mwanawe yungali anatembea.

Lakini mtatuuliza: Susana tumekubali, je, yule aliyetenda kweli? Mkristo anawezaje kumtetea mwizi au mwuaji? Swali hili huletwa kwetu mara nyingi, hasa na vijana wanaosomea sheria. Tazameni Bwana wetu. Hakusema kwamba yule mwanamke hakukosa, na mwishoni alimwagiza asitende dhambi tena. Hata hivyo alisimama kati yake na mawe. Tena yupo mmoja asiyeonekana katika habari ile: mwanamume. Torati iliwahukumu wote wawili, akaletwa mmoja. Wakili wa mwenye kosa hafundishwi kusema uongo, wala haruhusiwi. Kazi yake ni kuangalia kwamba ushahidi unatosha, kwamba taratibu zimefuatwa, kwamba adhabu haizidi kosa, na kwamba yule mwanamume hakuachwa nyumbani huku akihukumiwa mwanamke peke yake. Mtakatifu Ivo, padre wa Bretagne nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1303, aliwatetea maskini bila malipo, na Kanisa limemfanya msimamizi wa mawakili. Wala tusisahau kwamba Roho Mtakatifu mwenyewe katika Injili ya Yohane anaitwa kwa jina lenye maana ya mtetezi, na kwamba jina Shetani kwa Kiebrania maana yake ni mshtaki.

Sasa twaongea na ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya. Kijana wa kwaya akikamatwa, desturi yetu ni kulifuta jina lake siku ileile, na wazazi wake kukimbiwa. Msifanye hivyo. Nendeni kituoni mkaulize ametuhumiwa kosa gani. Kama kosa lina dhamana, watafutwe wadhamini wenye barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na mjue kwamba dhamana yenyewe haiuzwi. Kama hana wakili, mkumbusheni kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamwezesha hakimu au jaji kuagiza apewe msaada huo. Sheria hiyo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wengine wamo humo humo katika parokia zetu. Akitaka kujitetea kwamba siku ile alikuwa mahali pengine, anapaswa kutoa taarifa mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Kwa hiyo ninyi mliokuwa naye shambani au kilioni, andikeni tarehe ingali mnaikumbuka, na siku ya kesi mwende mkaseme. Jumuiya ichange nauli.

Na akiachiwa huru, nafasi yake katika kwaya iwe ingali wazi.