Cheti na Kibali: Hotuba ya Mahafali ya Ufundi Stadi, Temeke



Temeke si ngeni kwa vijana wanaosoma mbali na wazazi wao. Katika miaka ya 1960 Kurasini palikuwa na kituo cha kimataifa cha elimu kilichowapokea wakimbizi kutoka nchi za kusini zilizokuwa bado mikononi mwa wakoloni na makaburu, na mwaka 1963 jijini humu ikaanzishwa Taasisi ya Msumbiji, chini ya Janet Mondlane, kwa ajili ya vijana waliovuka Ruvuma na kuacha familia zao ng'ambo. Vijana wale walikuwa na jambo ambalo wakimbizi wenzao wa leo hawana, kwani FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichowasomesha, tayari kilikuwa na kazi ya kuwapa. Kazi yenyewe haikumpendeza kila mmoja: mwaka 1968 wanafunzi waliotaka masomo ya juu nchi za nje walifarakana na viongozi waliowataka kwanza kwenye mapambano, hata shule yao ya sekondari ikafungwa.

Mtoto mkimbizi asiyeandamana na mzazi, yaani aliye chini ya miaka 18, aliyetengana na wazazi wote wawili na asiye na mtu mzima anayewajibika kwake kisheria au kimila, leo huishi zaidi katika kambi za Kigoma kama Nyarugusu, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila ruhusa. Huko husoma mtaala wa Burundi au wa Kongo, kwa hoja kwamba atarejea kwao. Hoja hiyo ina mantiki, ila miaka ikipita bila kurejea, kijana hubaki na cheti ambacho fundi mkuu wa gereji ya Mbagala hajawahi kukiona. Hata akiruhusiwa kufika mjini, sheria ya mwaka 2015 inayoratibu ajira za wasio raia humdai kibali cha kazi, na mwenye nyumba humdai mdhamini, nafasi ambayo kwa wahitimu wengi waliopo hapa hujazwa na baba, shangazi au mjomba bila mtu kuiwazia.

Kwa upande wa cheti, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Kijana wa Nyarugusu anayeshona au kuchomelea vizuri anahitaji kipimo hicho kabla ya darasa jingine, na kibali cha kazi kitolewe pamoja nacho.