Sola Inapozima Mapema Mwezi wa Saba

Juni na Julai taa za sola huanza kuzima kabla ya saa tatu usiku, na lawama huiangukia betri. Betri ni ghali. Kabla ya kununua nyingine, paneli itazamwe kwanza.

Machakos iko kusini kidogo mwa ikweta. Katikati ya mwaka jua hupitia upande wa kaskazini, na mwembe ambao Desemba haukuwa na neno sasa hutia kivuli kwenye paa. Kivuli cha tawi moja tu kwenye kona ya paneli hupunguza umeme sana. Tawi likatwe, na vumbi lioshwe asubuhi, paneli ingali baridi.

Kisha betri ipimwe alfajiri, taa zikiwa zimezimwa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 11.8 imekwisha. Iliyojaa jioni ikazima kwa saa moja tu ya taa mbili, hiyo kweli imechoka. Nyingine zina njaa tu.

Fundi anayeitwa awe na leseni ya EPRA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona.