Kuzima Msaada au Kuuacha?

(Hotuba ya mmoja wa waliomaliza kidato cha nne mwaka 1972, aliyoitoa bwaloni katika mkutano wetu wa mwaka)



Jana jioni niliketi nyuma kabisa ya bwalo hili nikausikiliza mdahalo wenu. Hoja ilikuwa kwamba mchezaji hodari wa michezo ya video yenye hadithi huzima misaada yote ya kwenye kioo. Baadhi ya wazee wenzangu walinong'ona kwamba hayo si mambo ya kujadiliwa shuleni. Mimi niliyaona ya maana, na ndiyo sababu nimemwomba Mwenyekiti anikubalie nifupishe taarifa ya mfuko wa ujenzi. Fedha zilizopo mnazijua, ni chache, na taarifa imekwisha.

Kwa wasiojua, misaada hiyo ni kama mshale unaokuonyesha pa kwenda, kijiramani kilicho pembeni, kitu cha kuokotwa kinachong'aa ili usikipite, na maneno ya wasemaji yanayoandikwa chini ya kioo. Karibu kila mchezo una ukurasa wa kuchagua kipi kiwake na kipi kizimwe. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi, na miaka miwili iliyopita ningewapigia na mimi, tena kwa mikono miwili.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Dira nilifundishwa hapa, kwenye kilima kile nyuma ya mabweni. Mwalimu wetu wa Jiografia alitupeleka wawili wawili, akatupa ramani moja na dira moja, kisha akarudi kunywa chai. Aliyepotea alikosa chakula cha mchana. Mimi na mwenzangu tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini tulikikosa mara mbili, na mara ya tatu tulifika wa kwanza. Kazi hiyo ya dira na ramani ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote.

Basi mjukuu wangu alikuja likizo na kompyuta yake, akaniwekea mchezo uitwao Firewatch, uliotoka mwaka 2016. Mtu mmoja jina lake Henry anakwenda kulinda moto katika msitu wa Shoshone, jimbo la Wyoming huko Marekani, mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya moto mkubwa wa Yellowstone. Anakaa peke yake kwenye mnara. Nyumbani ameacha jambo zito: mke wake bado si mzee, lakini anapotewa na akili na kumbukumbu. Mtu pekee wa kuongea naye ni Delilah, mlinzi wa mnara mwingine, naye humsikia kwa simu ya upepo tu. Huo ndio mchezo mzima, kutembea na kuongea. Hakuna vita. Mjukuu alidhani nitasinzia.

Henry ana ramani ya karatasi na dira, anazishika mkononi wewe ukiziona. Kwenye ramani kuna alama inayokuonyesha mahali ulipo, na alama hiyo yaweza kuzimwa. Niliizima kabla hata sijainuka kitini. Jamani, nilifurahi! Nilisimama njia panda nikalinganisha bonde na mistari ya ramani, nikageuka kaskazini, nikashuka hadi ziwani bila kuambiwa na mtu. Njiani kuna masanduku ya akiba yenye ramani ndani, na Henry akilifungua moja huzinakili njia kwenye ramani yake, kama tulivyokuwa tukifanya kazini. Nilirudi kuwa kijana wa kilima kile. Mjukuu alikuwa ameumaliza mchezo huo kwa kuifuata alama, na nilipomwuliza ziwa liko upande gani wa mnara hakuweza kunijibu. Nilimcheka vibaya.

Lakini kwa majivuno yale yale nilikuwa nimezima kila kilichozimika, pamoja na maandishi ya mazungumzo. Nilisema maandishi ni ya wavivu.

Sasa, Delilah akisema jambo, kioo huonyesha majibu mawili matatu, nawe huchagua moja kabla muda haujapita. Ukinyamaza, kunyamaza nako ni jibu. Mapema kabisa Delilah humdadisi Henry ni kitu gani kilichomkimbiza hadi kuja kuishi porini. Nilichagua jibu, nikaendelea na njia yangu.

Mjukuu akasema, "Babu, umesikia alichouliza?"

Nikamwambia nimesikia.

"Ameuliza nini, Babu?"

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nayasoma majibu nakisia swali. Na si kwenye mchezo tu. Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nikiishi hivyo, nikicheka wengine wanapocheka, nikiitikia kwa kichwa. Mke wangu aliniambia mara nyingi niende nikapimwe sikio, nikamwambia yeye ndiye anayesema kwa sauti ya chini.

Mwezi mmoja kabla ya likizo ile mwenzangu wa kitanda cha chini alinipigia simu akiwa hospitali. Sauti yake ilikuwa imefifia. Nilimjibu, "Vizuri, vizuri, tutaonana." Baadaye mtoto wake aliniambia kwamba baba yake alikuwa akiniomba niende siku ile ile. Alifariki kabla sijafika. Jina lake ni miongoni mwa yale tuliyoyasimamia kimya asubuhi ya leo.

Baada ya swali la mjukuu niliyawasha maandishi, nikauanza mchezo upya. Alama ya ramani niliiacha imezimwa. Ulikuwa mchezo mwingine kabisa, kwa maana sasa Delilah alikuwa mtu, si kelele za redio.

Ndiyo maana jana nilisikitika mlipotia misaada yote kapu moja. Mshale unaokutafutia njia unaifanya kazi ambayo hadithi ilikutaka uifanye wewe. Maandishi hayakufanyii kazi yoyote. Yanakufikisha tu mahali pa kuianza. Katika mchezo uitwao The Last of Us Part II, wa mwaka 2020, watengenezaji waliweka misaada zaidi ya 60 ya namna hiyo, na wapo wachezaji wasioona kabisa walioumaliza. Nani kati yenu atawaambia hao si hodari?

Na hata mshale usizimwe kwa kukurupuka. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, mshale haukuwapo, na watu wa mle walikueleza njia kwa maneno: pita daraja, geukia mlima, fuata mto, na maelezo yaliandikwa katika daftari lako. Mchezo uliofuata, Oblivion wa mwaka 2006, ulileta alama ya kufuata kwenye dira, na mara nyingi watu wa mle hawakujisumbua tena kukuelekeza. Bila alama hiyo unabaki kama mgeni aliyeshushwa kituoni usiku. Afadhali Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018, inayokuuliza mwanzoni kama unataka kuongozwa au kutafuta mwenyewe. Ukichagua kutafuta, unapewa dalili: wilaya fulani, upande fulani wa mji fulani. Kwa hiyo kabla ya kuzima, wasikilize kwanza watu wa hadithi yenyewe. Wakikuelekeza vya kutosha, zima. Wasipokuelekeza, uache mshale uwake, wala usione haya.

Kijana wa kidato cha pili aliyeniletea kikaratasi, anayesema macho yake hayaoni herufi ndogo na wenzake humcheka akizikuza: zikuze. Kisha mwambie Mwalimu wa darasa kuhusu hayo macho, wiki hii, usingoje miaka mitatu.

Ndugu Mwenyekiti, kifaa cha kusikilia kimo sikioni mwangu sasa, na kinafanya kazi. Nimemsikia yule wa safu ya nyuma aliyesema kwamba pilau inapoa.