Sisi Hatukukopa, Mbona Tunalipa?

*Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi, katika Ukumbi wa Kaloleni, wakati wa kikao cha maoni kuhusu bajeti*

Nyinyi vijana mmesimama huko nyuma mlangoni. Viti vimekwisha, mtuwie radhi. Nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Nilikuwa nimeandika hotuba nyingine. Lakini nilipokuwa nikiingia, mama mmoja anayeuza mboga karibu na lango alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, kila siku redio inasema nchi ina deni. Mimi sikukopa. Mbona ni mimi ninayelipa?" Nikamwambia, mama, njoo uketi ndani, nitajaribu kukujibu. Namwona amekaa pale mstari wa pili. Kwa hiyo ile hotuba nimeiacha mfukoni.

Tuanze na jambo lililo karibu, kwa sababu tukianza na matrilioni tutalala. Mnapajua Dandora. Wengi wenu mna ndugu huko. Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya dola milioni 16 ili Baraza la Jiji, kanjo ya wakati ule, lipime viwanja 6,000 pale Dandora. Mtu hakupewa nyumba. Alipewa kiwanja, maji, mfereji wa majitaka, choo na mahali pa kuogea, na mkopo mdogo wa kununulia vifaa vya ujenzi. Kuta na paa alijijengea mwenyewe. Akina mama waliunda vikundi, wakachanga, wakajenga chumba cha huyu mwezi huu na cha yule mwezi ujao, hivyo hivyo kama chama cha leo. Kila mwezi mwenye kiwanja aliilipa kanjo, kanjo ikailipa serikali, serikali ikalipa Washington.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo pana kiini cha mambo. Mama wa Dandora alilipa kwa shilingi. Washington ililipwa kwa dola. Mwaka 1975 dola moja ilikuwa shilingi saba na ushee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliacha kuipangia shilingi bei, na mwaka 1993 dola ikapita shilingi 60. Mwaka 2025 ilikuwa ikizunguka 129. Nusu ya ule mkopo wa Dandora ilikuwa ya aina nafuu kabisa, ambayo masharti yake ya kawaida wakati ule yalikuwa kulipa kwa miaka 50, kumi ya kwanza bila kugusa mtaji, na ada ya asilimia 0.75 tu kwa mwaka. Hesabuni wenyewe: mkopo wa namna hiyo uliotolewa 1975 unamalizika kulipwa 2025. Mtoto aliyezaliwa siku viwanja vinagawanywa sasa ana wajukuu, au yuko karibu kuwapata. Na kila awamu ya dola 100 iliyogharimu shilingi 730 hivi mwanzoni inagharimu karibu shilingi 13,000 mwishoni.

Mwanauchumi akiwa hapa atanikosoa, na atakuwa na haki: mishahara nayo imepanda, kodi za nyumba zimepanda, kwa hiyo shilingi 730 za wakati ule si pesa ya peremende. Ni kweli. Na mimi siwaambii kwamba ule mkopo ulikuwa mbaya. Nendeni Dandora mkaone. Kuna wengi waliouza viwanja kwa wenye pesa, hilo lilitokea, lakini vyumba vipo, watu wanakaa, kodi inalipwa, watoto wamesomeshwa kwa ajili ya vile vyumba. Mimi mwenyewe nimelelewa Umoja, na nyumba za kwanza za Umoja zilijengwa miaka hiyo hiyo ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Ndiyo sababu siwezi kusimama hapa nikasema kila mkopo wa nje ni laana. Maji ya Ndakaini, lile bwawa lililokamilika 1994, nayo yametokana na mikopo ya nje, na tunayanywa.

Ninachosema ni kwamba mkopo wa Dandora unaweza kuugusa. Unaweza kuuegemea ukutani.

Tutoke Dandora sasa, twende mwaka 2014. Mwezi Juni mwaka huo Kenya iliingia soko la kimataifa kwa mara ya kwanza na kuuza hatifungani, ile tuliyoizoea kwa jina la Eurobond. Dola bilioni mbili, nyingi zake za kulipwa baada ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 6.875. Huu haukuwa mkopo wa miaka 50 kwa ada ndogo. Huu ulikuwa wa matajiri wa soko wanaotaka faida yao, na mtaji unalipwa wote kwa mkupuo siku moja. Pesa zilikwenda wapi? Hazina ya Kitaifa ilisema ziliingia katika bajeti pamoja na pesa nyingine. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa wakati ule, Edward Ouko, aliandika kwamba hakuweza kuthibitisha zilitumika katika miradi ipi hasa. Wakabishana. Sisi hatukuoneshwa ukuta wa kuegemea.

Siku ya kulipa ilikuwa Juni 2024. Dola iliyokuwa shilingi 87 hivi wakati wa kukopa, Januari 2024 ilifika shilingi 160. Yaani kila dola bilioni moja iliyoingia nchini kama shilingi bilioni 87 ilikuwa inadai bilioni 160 kutoka, mbali na riba. Nchi nzima ilishikwa na hofu, ndiyo maana dola ikapanda hivyo. Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kulipa sehemu kubwa ya zile za zamani, na safari hii riba ikawa asilimia 9.75. Shilingi ikapumua, dola ikashuka. Nchi haikushindwa kulipa, na hilo lina uzito wake. Waliokwama, kama Zambia mwaka 2020, waliona cha mtema kuni. Lakini mtu wa Kaloleni anayekopa kwa shailoki wa Burma ili amlipe shailoki wa Gikomba anajua hali hiyo inaitwaje. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Miezi minne baadaye yakaja matanga yenyewe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na pendekezo la kwanza lilikuwa hata mkate utozwe ushuru wa asilimia 16. Hili la mkate liliondolewa mapema, lakini yaliyobaki yalitosha. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bunge. Watu waliuawa. Tarehe 26 Rais akasema hatausaini mswada. Mwisho wa mwezi huo huo Rais mwenyewe alieleza kwamba katika kila shilingi 100 za ushuru, 61 zinalipa deni. Nawaomba mlikumbuke hilo mtu akiwaambia deni ni habari ya wakubwa. Wale walioanguka barabarani walikuwa rika la wadogo zangu.

Mama, sasa nakuja kwako.

Katiba yetu, kifungu cha 214, inasema deni la umma linalipwa kutoka kwa Mfuko wa Jumla. Deni halisubiri. Linakaa mezani kwanza, linakula, halafu sisi wengine tunaitwa. Mswada ule ulipoanguka, kaunti zilizokuwa zimetengewa shilingi bilioni 400 kwa mwaka wa 2024/25 zilipata bilioni 387 baada ya mabishano marefu ya Seneti na Bunge la Taifa. Bilioni 13 hizo ni za kaunti zote 47, na huwezi kuonyesha ni dawa zipi zilizokosekana katika zahanati ipi. Lakini zilikosekana mahali. Na mgao wenyewe ukichelewa miezi miwili mitatu, mfagiaji wa barabara anachelewa kulipwa, na yeye ndiye anayenunua sukuma wiki kwako jioni. Wewe hukutia saini popote. Unalipia unga, unalipia mafuta ya taa, na unalipia kwa mteja asiyekuja.

Kuna habari kidogo ya nafuu. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kwamba mikopo ya China ya reli ya SGR imebadilishwa kutoka dola kwenda yuani, na kwamba itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni vizuri. Bado ni pesa ya mwenzetu, si yetu, lakini riba yake ni ndogo. Na zaidi ya nusu ya deni letu lote, ambalo lilipita shilingi trilioni 11 mwaka 2025, tunadaiwa humu humu nchini: na mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima. Deni la ndani halina kisa cha dola, ila lina kisa chake. Benki ikishapata riba nono bila wasiwasi kutoka serikalini, ina haja gani ya kumkopesha fundi wa jua kali wa Kamukunji?

Katika ukumbi huu, kabla ya uhuru, watu walikutana kuzungumza siasa za kujitawala. Tom Mboya alianza kazi kama mkaguzi wa afya wa kanjo, mfanyakazi mwenzangu naweza kusema, na mwaka 1965 akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi ndiye aliyeongoza uandishi wa Waraka Namba 10 wa serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka ule haukujificha: ulisema mtaji wa ndani hautoshi, na wa nje utahitajika. Miaka miwili baadaye majirani zetu Tanzania walitangaza kujitegemea katika Azimio la Arusha. Mwaka 1986 na wao walikuwa mezani na Shirika la Fedha la Kimataifa. Njia mbili, meza moja. Sisi nasi tulikuwa tumekwisha kuketi hapo, na Desemba 1989 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za serikali. Wazee mnaikumbuka siku hiyo kuliko mimi.

Najua mnachosubiri kuniuliza. Na kaunti je?

Mimi naajiriwa na kaunti, na kazi yangu siku nyingi ni kuandika mazuri. Lakini ripoti za Mdhibiti wa Bajeti za 2025 ziko wazi kwa kila mtu: Kaunti ya Jiji la Nairobi inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80, nyingi kuliko kaunti yoyote. Sehemu imerithiwa kutoka Baraza la Jiji. Sehemu ni yetu. Na wanaotudai si Washington wala Beijing peke yao. Wamo wanakandarasi wadogo, wamo vijana na wanawake waliouza mali nyumbani ili watimize zabuni, wakangoja. Kaunti isiyomlipa mtu aliyeweka taa za barabarani inamkopa bila kumwomba. Siwezi kuzungumza habari ya kujitegemea hapa nikaruka hilo.

Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti ilikusanya yenyewe shilingi bilioni 12.5, kutoka kwa leseni za biashara, maegesho, ada za ardhi, kodi za nyumba kama hizi zenu. Lengo lilikuwa karibu bilioni 20. Pengo hilo likazibwa na nini? Na kutolipa. Ndiyo maana bili zinarundikana. Mtaniambia, tulipe kodi ya nyumba na mfereji wa majitaka umepasuka mlangoni? Sina jibu zuri la swali hilo, isipokuwa kwamba aliyelipa na ana risiti anauliza kwa sauti tofauti. Na maafisa wetu wanapaswa kuisikia sauti hiyo.

Kuna jambo moja la kisheria nataka mlibebe. Kifungu cha 212 cha Katiba kinasema kaunti haiwezi kukopa mpaka serikali ya kitaifa itoe dhamana na bunge la kaunti liidhinishe. Yaani mkopo wowote unaofungamana na jina la Nairobi lazima upite mbele ya mwakilishi wadi wenu. Na kila mwaka, kufikia tarehe 28 Februari, hazina ya kaunti lazima ipeleke katika bunge hilo waraka wa mpango wa kudhibiti madeni, pamoja na ule wa mwelekeo wa bajeti. Makadirio yenyewe ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili. Hizi si nyaraka za siri. Mwulizeni mwakilishi wenu ameusoma ule wa madeni. Mwulizeni mkopo ni wa pesa gani, unalipwa kwa miaka mingapi, na ukuta wake uko wapi.

Mama, uliniuliza mbona unalipa na hukukopa. Ni kwa sababu walikopa kwa jina lako. Fomu za maoni ziko kwa yule dada mwenye leso ya kijani pale mezani, na kalamu zipo. Anayetaka kuandikiwa, mimi niko hapa hadi saa kumi na moja.