Baruti, Daftari na Mashine Ijifunzayo
(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya machimbo ya mawe)



Nimeombwa nieleze habari za mashine zinazojifunza, ambazo siku hizi wenye machimbo huambiwa kuwa zitaboresha ulipuaji wao.

Mlipuko mbaya mnaujua. Mawe hutoka makubwa hata yasiingie katika mashine ya kusaga kokoto, ikabidi yapasuliwe tena kwa gharama. Au huruka hadi juu ya mabati ya jirani. Au ardhi hutetema, nyumba zikapata nyufa na chama kikadaiwa fidia.

Wataalamu walianza zamani kuyakadiria hayo kwa hesabu. Kwa mtetemo, huchukua umbali wa nyumba kwa mita, wakaugawa kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti zinazolipuka kwa pamoja. Nyumba ikiwa mita 200 na baruti kilo 25, jibu ni 40. Baruti ikiwa kilo 100, jibu ni 20, yaani ni kana kwamba nyumba ile imesogezwa hadi mita 100. Kwa ukubwa wa mawe, iko kanuni aliyoitoa Cunningham mwaka 1983. Kanuni hizi ni nzuri, lakini hutazama mambo machache, na kila mwamba una nyufa zake na maji yake.

Mashine ijifunzayo hupewa habari za milipuko mingi iliyokwisha kupita pamoja na matokeo yake, nayo hutafuta yenyewe uhusiano uliopo. Kisha hukadiria matokeo ya mlipuko ujao kabla baruti haijashindiliwa. Katika tafiti nyingi imekadiria mtetemo kwa usahihi zaidi kuliko kanuni ile ya kugawa.

Sasa nawageukia makatibu. Nimefungua daftari nyingi za machimbo, na mara nyingi nakuta maneno haya tu: "Mlipuko ulikwenda vizuri." Mashine haiwezi kujifunza lolote hapo, wala mkaguzi. Andikeni kina na kipenyo cha mashimo, nafasi baina yake, umbali wa safu ya mbele hadi uso wa mwamba, urefu wa kifusi cha kuziba mdomo, kilo za baruti kwa kila shimo, mpangilio wa fataki, na maji yakiwamo. Upande wa matokeo, pigeni picha ya lundo la mawe pamoja na kitu chenye kipimo kinachojulikana, na mtetemo upimwe kwa chombo. Milipuko mibaya nayo iandikwe. Hiyo ndiyo inayofichwa sana.

Habari zikiwa chache, mashine hukariri badala ya kujifunza. Wala haifahamu mwamba isioonyeshwa. Fundi baruti mwenye kibali atabaki na madaraka yake yote.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha za wanachama, mpeni muuzaji habari za milipuko yenu, lakini matokeo ya kumi ya mwisho yabaki kabatini kwa katibu. Akadirie mbele ya kamati, ndipo kabati lifunguliwe.