Anayeacha Pombe Asifungiwe Chumbani

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Ndabibi



Ndabibi iko Naivasha, na ni Naivasha iliyompeleka bungeni John Mututho, ambaye sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 bado inaitwa kwa jina lake. Sheria hiyo ilitaka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ni jambo jema. Lakini sheria hufunga mlango wa baa tu. Haimtibu yule anayeamka alfajiri mikono ikimtetemeka hadi chai inamwagika. Huyo ndiye wa kuzungumziwa leo.

Familia ikichoka, mara nyingi humfungia chumbani. Kaka zake hushika zamu mlangoni, kwa nia njema kabisa, wakidhani kwamba akikosa pombe siku tatu atakuwa amepona. Kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, siku hizo tatu ndizo zenye hatari kubwa. Pombe hupoza ubongo. Ubongo uliozoea kupozwa hujisukuma kwa nguvu zaidi ili ufanye kazi, na pombe ikikatwa ghafla nguvu ile hubaki bila breki. Saa chache baadaye huja kutetemeka, jasho, kutapika na moyo kwenda mbio. Ndani ya siku mbili anaweza kushikwa na degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Hapo majirani husema amerogwa, na mchungaji huitwa kabla ya daktari. Aombewe, hakuna anayekataza, ila aombewe akiwa njiani kwenda hospitali, kwa sababu hali hiyo huua.

Hospitalini kuna dawa za kutuliza ubongo, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kuna pia vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu hupungukiwa kwa kunywa bila kula. Akiikosa, kumbukumbu yake inaweza kuharibika moja kwa moja. Familia isiyojua pa kuanzia imwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, au ipige 1192, nambari ya NACADA isiyolipishwa. Ieleze ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Daktari anauliza kuhusu chang'aa ili ajue dawa ya kutoa, si ili amshitaki mtu.

Wanawake hufika wakiwa wamechelewa. Mume akilewa, kijiji kizima kinajua. Mama akilewa, anafichwa, naye anaogopa kunyang'anywa watoto.

Kisha mgonjwa anarudi nyumbani, na kuanzia hapo kazi ni ya majirani. Matibabu ya hospitali hayajaondoa marafiki wa zamani, wala mwisho wa mwezi mishahara ya mashamba ya maua inapoingia kwenye simu. Anayemwita "mlevi" kwa mzaha sokoni anamrudisha kule alikotoka. Anayemlipa kibarua cha kuvuna viazi kwa chupa anafanya vibaya zaidi. Apewe kazi, alipwe pesa, na kama mwenyewe ameomba mkewe au dada yake amtunzie, asichekwe. Kwenye harusi apewe soda bila kuulizwa maswali.

Wengi huteleza angalau mara moja. Mwenye shinikizo la damu likipanda tena hafukuzwi nyumbani, anarudishwa kliniki. Huyu naye arudishwe kliniki, na mapema, kabla ya kunywa kwake kuwa kwa kila siku tena.

Na kama kuna aliyefungiwa chumbani sasa hivi hapa Ndabibi, mlango ufunguliwe leo. Atafutiwe gari la kumfikisha hospitali, na mtu wa kukaa naye njiani.